Gari Lililofunguliwa Nusu

Miaka ile Kindu ilikuwa na magari ya namna mbili: yanayotembea na yaliyofunguliwa. Yanayotembea yalikuwa machache na kila mtu aliyatambua kwa mlio. Yaliyofunguliwa yalikaa kwenye nyua za mafundi, boneti juu, yakisubiri kipuri kutoka Kisangani au Bukavu, na kipuri chenyewe hakifiki. Kwa fundi wetu kulikuwa na moja ambalo kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye gari alikuwa bado analipitia kila Jumapili baada ya misa, amevaa suti yake safi ya abakosti, anakagua matairi kana kwamba kesho anasafiri nalo. Mimi nilikuwa namcheka. Kisha zamu yetu ikafika, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Letu lilikuwa pikapu kuukuu. Mume wangu alilinunua kwa bwana mmoja aliyegawiwa duka la Mgiriki wakati maduka ya wageni yalipopewa wananchi. Bidhaa zilikwisha, rafu zikakwisha, likabaki gari hilo. Mlango wa upande wa abiria ulifungwa kwa waya. Taa ilikuwa moja. Lilipakwa rangi ya kila kopo lililobakia mahali, kwa hiyo mbele lilikuwa kijani, nyuma buluu, na katikati rangi ambayo sijapata kuiona kwenye kitu kingine chochote. Lakini lilitembea. Mume wangu, mtu wa Butembo, mfanyabiashara tangu tumboni mwa mama yake, alivusha nalo chumvi na vitenge kwenda ng'ambo ya mto, akarudi na mchele na mafuta ya mawese.

Mama yangu alikuwa Obokote, kule msituni ukishapita Punia, na alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alianza upande mmoja, akahamia wa pili, mpaka mama akawa anatambua watu kwa hatua zao. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameshaanza kutembea na bibi yake hajawahi kumwona. Ndipo ikatangazwa, kanisani na msikitini, kwamba daktari wa macho amekuja hospitali kwetu. Alifika kwa treni na angeondoka kwa treni, na baada ya hapo hakuna aliyejua kama angerudi. Tukampelekea mama ujumbe kwa fonia, ile redio ya misheni: ajiandae, tunakuja kumchukua. Jibu lilirudi mchana uleule. Mama amesema ameshajiandaa, ameketi.

Hilo neno, ameketi, lilinikaa rohoni. Namjua mama yangu. Akisema ameketi, basi kikapu kimefungwa, kitambaa kimefungwa kichwani, na hali chakula vizuri mpaka asikie gari.

Kabla ya safari mume wangu alitaka amalize mzigo mmoja wa mawese uliokuwa Alunguli, ng'ambo. Alikwenda na mdogo wake, shemeji yangu, ambaye alijiona bingwa wa malori kwa sababu aliwahi kukaa juu ya mizigo ya mengi. Wakati wa kurudi, kupandisha gari kwenye kivuko, ambreyaje ikaanza kuteleza. Ambreyaje ndiyo klachi. Huku kwetu tunaitaja kwa Kifaransa. Injini inanguruma kwa nguvu zote na magurudumu hayana habari. Shemeji akasema dawa anaijua. Akaomba majivu kwa mama aliyekuwa anapika kando ya gati, akaingia chini ya gari, akayasukumia kwenye tundu la pembeni la nyumba ya klachi ili yanyonye mafuta na diski ishike. Madereva wa malori walifanya hivyo kwa vumbi la barabarani, na mara nyingine ilisaidia. Gari likapanda kivukoni, na shemeji akavuka mto akiwa amekunja mikono kifuani.

Nilikuwa nawangoja upande wetu, binti yangu mgongoni. Gati letu ni kali, ardhi inapanda kutoka majini moja kwa moja. Pikapu lilitoka kivukoni, likapanda mpaka katikati, likasimama. Injini ikapiga kelele, gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea mtoni. Mume wangu akakanyaga breki na watu wakakimbilia mawe ya kuzuia magurudumu. Na hapo ikaja harufu.

“Nani iko nakaanga makemba?” mtu mmoja akauliza, akitafuta kwa macho.

Watu wakacheka. Kweli, ilikuwa harufu ya ndizi zinazokaangwa, tamu kabisa, mpaka mtoto wangu mgongoni akaanza kulilia chakula. Wakalisukuma gari juu huku wakiimba zile nyimbo za salongo, kazi ya lazima ya serikali, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwenye salongo yenyewe. Mimi sikucheka wala sikuimba. Nilikuwa nikitazama maji yalivyokuwa karibu na yale magurudumu ya nyuma, nikamwona mama yangu ndani ya hilo gari, ameketi, haoni, anauliza kwa nini tunarudi nyuma.

Fundi alilala chini ya pikapu kutwa nzima. Alishusha bwate, yaani sanduku la gia, akaitoa klachi yote, akaipanga juu ya gunia. Usiku mvua ilinyesha, na pikapu letu lilikuwa na matundu zaidi ya paa la jikoni kwangu. Tulipokuja asubuhi alituonyesha ndani. Palijaa uji wa kijivu, mzito, kila mahali.

“Patro, unaona?” akamwambia mume wangu, akinyoosha kidole kwenye injini. “Yote iko mafuta. Hii inatoka kwa motere, kwa nyuma. Joint imekufa. Nikitia diski ingine, nayo itakufa vilevile. Njo lazima tushushe motere muzima, tufungue.”

“Tushushe,” akasema mume wangu. “Tukishafika hapa, tufike mpaka mwisho.”

Nilijua atasema hivyo. Mume wangu ni mtu wa kufika mpaka mwisho. Redio yetu ilikuwa inakwaruza kidogo, akaifungua aitibu. Sasa haikwaruzi tena. Imo kikapuni juu ya kabati, na skrubu zote zimo, hajapoteza hata moja.

“Na hiyo joint iko wapi?” nikauliza. Joint ndiyo mpira wa kuziba mafuta.

“Kisangani, labda,” akasema fundi. “Kama hapana, Bukavu.”

“Labda. Na munganga wa macho, naye atangoja labda?”

Kuku mmoja akatoka kwenye lile gari lingine akipiga kelele za kutaga, na mimi nikamtazama kwa chuki ambayo kuku yule hakustahili.

Sitaki kumsingizia fundi. Alichosema kilikuwa na akili. Diski iliyoloa mafuta haishiki, na ukiweka mpya bila kuziba panapovuja umefanya kazi bure. Tena diski yenyewe ilikuwa moja tu mjini iliyolingana na letu, na ilikuwa ndani ya gari la kuku. Mwenye gari tulimfuata nyumbani kwake, nikamweleza habari za mama. Akafikiri sana. Kisha akasema tuichukue kwa kuazima, na siku gari lake litakapopona turudishe. Alisema siku litakapopona, bila kupepesa macho. Tangu siku ile sikumcheka tena.

Kwa hiyo tulikuwa na diski moja. Ikiharibika, magari mawili yamekufa na mama amebaki gizani.

“Fungeni,” nikasema. “Tieni diski, fungeni, twende.”

“Na ikiteleza kwa gati, na mukwe wangu iko ndani?” akasema mume wangu. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma zaidi. “Unataka tumutupe mu maji?”

“Ukifungua motere, hutafunga. Itakuwa kama redio.”

“Redio ni kitu ingine.”

“Redio ni kitu ileile!”

Fundi akaona heri anawe mikono. Nilikuwa nimewaletea bugali na sombe, yaani kisamvu, na ndoo ya maji ya mvua ilikuwa pale. Siku zote alinawa kwa mchanga na petroli kidogo, ndipo maji, na bado vidole vilibaki vyeusi. Siku ile alichovya mikono moja kwa moja, akasugua, akasimama. Akasugua tena. Povu likapanda mpaka kwenye viwiko.

“Mama,” akaniita, “maji yako iko na nini?”

“Maji ya Mungu. Hakuna kitu.”

“Na hii?”

Akainua mikono. Ilikuwa safi kama ya padri.

Nikaenda kwenye ile nyumba ya klachi, nikachota uji wa kijivu kwa kidole, nikausugua kiganjani na tone la maji. Povu. Nikaunusa. Jamani, mimi hiyo harufu naijua kuliko harufu ya nyumba yangu. Sabuni ya dukani ilikuwa imeadimika kwa muda mrefu, na hapakuwa na mwanamke Kindu ambaye hakuwa na sufuria yake nyuma ya nyumba: majivu, maji, mawese, moto, unakoroga mpaka mkono uchoke. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gunia la vyuma, na mtoto mgongoni akashtuka akaanza kulia.

“Papa,” nikamwambia mume wangu, “hii ni sabuni. Ndugu yako ametupikia sabuni.”

Ilichukua muda mpaka waelewe. Mafuta ya injini ukiyatia majivu unapata matope meusi. Muulize yeyote anayefua ovaroli la fundi. Mawese ndiyo yanayogeuka sabuni. Basi mafuta yale hayakutoka ndani ya injini. Yalikuwa yetu, ya kupikia, na ndiyo yaliyonukia makemba pale gatini.

Sasa sote tukageuka kutazama ndani ya pikapu, bila mtu kuambiwa. Mume wangu hakuwaamini wanaopanda nyuma, kwa hiyo bidoni la mawese, yaani dumu, lilisafiri mbele siku zote, sakafuni, limeegemea mkono wa gia kama mtoto wa nyumbani. Mpira unaofunika tundu la mkono wa gia ulishaoza zamani. Tulikuwa tumezibia kitambaa. Mume wangu alikivuta kile kitambaa. Kilikuwa chekundu, kimelowa, kinatiririka. Kila shimo la barabarani lilikuwa limemwaga kidogo, mawese yakashuka juu ya bwate, yakaingia kwenye tundu lilelile la pembeni ambalo shemeji alitilia majivu. Mvua ya usiku ikaongeza maji. Tulibakiza kukata vipande tu tukauze sokoni.

Shemeji akakumbuka kuna mtu anamsubiri mahali, akaenda zake.

Nilidhani tumemaliza. Fundi akakausha mikono polepole, akatikisa kichwa. “Mawese iko, sikatai. Lakini motere nayo inaweza kuvuja. Mbili inaweza kuwa pamoja.”

Nilitaka kumrushia sahani. Lakini hata hilo lilikuwa na akili, na mume wangu alikuwa ameshaanza kuitazama injini kwa yale macho ya redio. Nikaona nisiposema kitu sasa, spana zitaingia kazini.

“Tuijaribu basi. Bila kuifungua.”

Fundi akakubali. Akalipangusa kwa petroli gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini, mbele na nyuma yake, mpaka likang'aa. Akaomba kitambaa cheupe akiweke chini yake, mahali ambapo tone lolote lingeonekana. Kwake hapakuwa na kitambaa cheupe. Nikafungua kikapu changu nikampa nepi ya mtoto, iliyofuliwa jana, kwa sabuni ya nyumbani.

Mume wangu akazungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, kwa mbele. Mara ya kwanza ikagoma, ya pili ikamrudisha mkono, kisha injini ikawaka, bila bwate, uchi kabisa, inatetemeka juu ya magogo yaliyoitegemeza kwa chini. Wakaiacha ingurume mpaka ikapata joto. Bugali lilipoa. Nilimnyonyesha mtoto nikiwa nimeupa mgongo uwanja, kwa sababu sikuweza kutazama. Nilikuwa naomba. Sijui kama watu wengine wamewahi kumwomba Mungu kwa ajili ya ukavu wa nepi, mimi nimeomba.

Injini ikazimwa. Fundi akaingiza mkono, akaivuta nepi, akaigeuza huku na huku juani.

Ilikuwa kavu. Kavu namna ambayo haikuwahi kuwa juu ya mtoto wangu.

Mume wangu akaichukua akaitazama yeye mwenyewe. Akaenda akainama, akaitazama injini kwa nyuma muda mrefu, na niliona mapenzi yake ya kufika mpaka mwisho yakipigana ndani yake. Nilijua ananiwazia mimi, na gati, na mama. Kisha akanyooka.

“Tufunge,” akasema.

Nimeambiwa maneno mengi matamu na huyu mume, hasa kabla hajanioa. Hakuna hata moja linalofikia lile. Nikamwambia fundi ale kwanza, nikamwongezea sombe, nikamwita “ndugu yangu”, na yeye akacheka kwa sababu muda mfupi uliopita nilikuwa namkodolea macho kama mwizi.

Wakapangusa kila kitu, wakatia diski ya kuazima, wakarudisha bwate. Tundu la mkono wa gia likazibwa kwa kipande cha mpira wa tairi, kikafungwa kwa waya. Mume wangu alijaribu kusema kwamba kwa kuwa tupo, tungetazama na breki. Nikamwangalia. Akapanda garini.

Habari za barabara ya Punia sizisimulii. Anayeijua anaijua, na asiyeijua ataniona natia chumvi. Tulifika Obokote. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, kikapu kimefungwa, kitambaa kichwani, na kando ya miguu yake bidoni la mawese, zawadi ya mkwewe. Mume wangu alilitazama lile bidoni. Alilibeba kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akalipeleka nyuma kabisa, akalifunga kwa kamba mpaka likashindwa kupumua.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Kwa hiyo mimi nilikaa katikati, mkono wa gia magotini, na maneno yao yakapitia kwangu. Mama alipapasa kiti, akapapasa dashibodi. Akasikiliza injini.

“Mwambie mukwe, motoka yake iko muzuri sana,” akasema. “Inaimba.”

“Mama anasema motoka iko muzuri.”

“Mwambie aksanti,” akasema mume wangu, macho barabarani, kwa haya.

Mama alilisifia njia nzima. Alisema amesikia malori yakipita mbele ya nyumba yake maisha yake yote, lakini hili ni jambo lingine, hili lazima ni la watu wakubwa. Sikuwa na moyo wa kumpinga.

Tulivuka mto mchana. Kivuko kilipogusa upande wetu nilimshika mama mkono. Mume wangu alikanyaga ambreyaje, akatia gia ya kwanza, akaachia kidogo kidogo. Nilikuwa natega pua, si masikio. Gari likakamata. Likatoka kwenye mbao, likaanza kupanda lile gati, polepole, bila kusita, likapita pale katikati, likapita mawe yaliyokuwa bado yamelala njiani tangu siku ile, likafika juu. Hapakuwa na harufu ya makemba. Harufu ilikuwa ya mto na ya samaki tu.

“Mbona unalia?” mama akaniuliza. Hakuhitaji macho kwa hilo.

“Tumefika, Mama.”

Daktari alimpasua jicho moja, lile lenye matumaini zaidi, kabla ya treni yake kuondoka. Siku walipofungua bendeji nilimsimamisha binti yangu mbele yake na kumwacha. Mama aliinama, akamtazama usoni, akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama masikio, akatazama vidole kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaniangalia mimi, akasema nimekonda. Nililia sana, na manesi wakanitoa nje ili nisimlize na yeye, kwa sababu lile jicho lilikatazwa machozi.

Alipopewa ruhusa tulitoka naye taratibu hadi kwenye lango la hospitali. Mume wangu alikuwa anangoja kando ya pikapu, amelipangusa vumbi. Mama akasimama, akaweka mkono juu ya nyusi, akatazama barabara, upande huu na upande ule.

“Na motoka yenye tulikuja nayo iko wapi?”

“Njo hii, Mama.”

Akatazama. Akalizunguka lote, mbele kijani, nyuma buluu. Akagusa ile taa moja. Akagusa waya wa mlango. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama akarudi pale nilipokuwa, akanisogelea sikioni, ingawa alinong'ona kwa sauti ambayo mlinzi wa langoni pia aliisikia.

“Mungu alijua. Kama ningeiona mbele ya kupanda, ningebakia Obokote.”

Kisha akampokea mjukuu wake, akapanda, akajiweka sawa kitini. Injini ilipowaka alifumba macho yote mawili, akatabasamu, akasema inaimba.